Muulize Fundi: Fyuzi zote nzima, harufu ya kuungua inatoka wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kondoa mjini. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1974. Niliachiwa na marehemu baba, naye aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali. Mchana gari halina neno. Shida ni usiku. Nikitoka Dodoma kurudi nyumbani, nikishapita Mayamaya, inaanza harufu ya waya kuungua upande wa usukani. Moshi sijauona. Nikisimama na kuzima taa, baada ya muda harufu inaisha. Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alichomoa fyuzi zote akanionyesha kuwa ni nzima, akasema kama kungekuwa na shoti fyuzi ingekatika, kwa hiyo ni vumbi na mafuta tu vinaungua. Wa pili alinibadilishia alteneta, pesa ikaenda, harufu ikabaki. Taa nazo zimefifia, ingawa kijana wangu aliniwekea balbu kali za wati 100 kila upande ili nione ng'ombe barabarani. Mama watoto amekataa kabisa kupanda. Nifanyeje? — Mwalimu, Kondoa

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Nianze na mama: yuko sahihi, na aendelee kukataa hadi tumalize. Wewe mwenyewe usiliendeshe gari hilo usiku. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, unaweza kwenda nalo sokoni.

Sasa tuje kwa fundi wako wa kwanza, maana kauli yake naisikia kila gereji kuanzia Kizota hadi Nkuhungu: fyuzi nzima, basi umeme hauna shida. Fyuzi hainusi. Haijui joto la mahali pengine. Inachojua ni ampea zinazopita ndani yake, basi. Waya wenye moto, yaani wenye umeme, ukigusa bati, ampea zinaruka ghafla, fyuzi inakatika. Hiyo ndiyo shoti, na kwa shoti fundi wako alisema kweli. Lakini kuna ugonjwa wa pili ambao fyuzi haiuoni kabisa, nao ni kiungo kilicholegea au kilichoota kutu. Hapo umeme unapita kwa taabu, na unapopita kwa taabu ampea hazipandi, zinashuka kidogo. Fyuzi inatulia. Kiungo kinachemka.

Wewe ni mwalimu, tupige hesabu. Balbu mbili za wati 100 kwenye volti 12 zinakula karibu ampea 17. Tuseme swichi yako imechoka, inapoteza volti 2 kabla umeme haujafika kwenye taa, na mkondo umeshuka hadi ampea 15. Volti 2 mara ampea 15 ni wati 30. Wati 30 ni chuma cha kulehemu cha fundi redio, kimewashwa na kufichwa ndani ya plastiki nyuma ya usukani wako, safari nzima. Hakuna fyuzi itakayokatika kwa ampea 15 hizo, na harufu utaisikia hadi Kondoa.

Kuna la ziada, na hili mafundi waliozoea Toyota za kisasa huwa hawalitarajii. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalitengenezwa bila fyuzi kwenye njia ya taa kubwa. Waliogopa fyuzi moja ikikatika usiku dereva abaki gizani. Kwa hiyo waya wa kahawia unatoka betri na alteneta, unakwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo na swichi ya taa, hauna mlinzi njiani. Fundi wako alikagua fyuzi za honi, wipa na indiketa, akakuhakikishia kuhusu taa. Rangi za Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari hayo, zijifunze, zitakusaidia kuliko ramani: kahawia ni moto wa kudumu hata ufunguo ukiwa mfukoni, nyeupe ni moto wa baada ya ufunguo, kijani umetoka kwa ufunguo na umepita fyuzi, zambarau ni wa kudumu uliopita fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Buluu ni taa kubwa: wenye mstari mweupe ni ful, wenye mstari mwekundu ni dimu. Gari lenye nusu karne limepita mikono mingi, kwa hiyo ukikuta waya wa njano wa redio umeunganishwa kwenye buluu usishangae. Ufuate kwa macho na mkono hadi mwisho wake.

Na ukishafungua hizo fyuzi za vioo, soma karatasi iliyo ndani. Zile za Lucas zilizoandikwa 35 maana yake ni kwamba hukatika kwenye ampea 35, ila hubeba ampea 17 tu kwa muda mrefu. Fyuzi za leo huandikwa ampea zinazoweza kubeba. Mtu akienda dukani na ile ya zamani mkononi akasema nipe ya 35, akapewa ya leo, ameuziwa ulinzi wa nusu. Mahali pa Lucas 35 weka ya leo ya 15, au 20 ikibidi.

Kabla hujashika spana, tumia pua, lakini itumie kwa akili. Harufu za kuungua ndani ya gari la zamani si moja. Plastiki ya waya ina ukali unaokwaruza koo na kubaki kwenye nguo. Vanishi ya ndani ya koili, alteneta au mota ya wipa ina utamu fulani mbaya, na mara nyingi inakuja pamoja na kifaa husika kuzubaa. Harufu ya samaki ambaye hujamnunua: hiyo ni plastiki ngumu ya zamani, ile nyeusi au ya kahawia inayotengenezewa vitako vya swichi na vikombe vya balbu, inapopata joto kupita kiasi. Ukiisikia hiyo usiku wakati umewasha taa, umeshakaribia kumkamata mwizi. Mayai viza ni betri inachajiwa kupita kiasi. Pima, ukikuta zaidi ya volti 15 injini ikinguruma, kidhibiti cha alteneta kimekufa. Klachi inanuka makaratasi na nywele, na huisikia baada ya kupanda mlima ukiwa umelegeza mguu. Breki utazisikia mwisho wa mteremko. Wanaoshuka Sekenke na mzigo wanaijua harufu hiyo, haina uhusiano na umeme. Mafuta ya injini yakidondokea ekzosi yananuka jikoni, na moshi wake ni wa bluu-nyeupe kutoka chini ya boneti. Fundi wako aliyesema vumbi na mafuta angekuwa sahihi kama harufu ingekuja mchana pia.

Maana hapo ndipo barua yako ilipojijibu yenyewe. Usiku tu. Taa zikiwashwa. Upande wa usukani. Balbu za wati 100. Taa hafifu. Sihitaji kuliona gari ili nikuambie uanze na swichi ya taa iliyo kwenye nguzo ya usukani na viungo vyake. Ufifiaji wa taa ni ushahidi mkubwa kuliko harufu yenyewe: volti zikipungua asilimia 10 mwanga wa balbu ya nyuzi hupungua kama asilimia 30. Kijana wako alidhani balbu ni dhaifu, akaongeza wati. Waya na swichi vikabebeshwa mzigo usio wao, vikachemka, taa zikafifia zaidi. Hakukosea nia. Ng'ombe wa usiku kwenye barabara ile ni balaa kweli.

Fanya hivi, mchana, nyumbani, gari limesimama mahali penye hewa. Vua pete na saa ya chuma kwanza. Fungua kichwa cha hasi cha betri. Fungua kifuniko cha nguzo ya usukani ili uione swichi na nyaya zake, kisha rudisha hasi, washa injini, washa taa kubwa, uache hivyo kwa muda wa kunywa chai. Usitoke pale. Kisha pitisha mgongo wa vidole kwenye kila kiungo: swichi ya taa, swichi ya kubadili ful na dimu, kiboksi cha fyuzi, plagi ya nyuma ya alteneta, na vile viungo vya mviringo vinavyochomekwa ndani ya kibomba cha mpira mweusi karibu na taa za mbele. Uvuguvugu si tatizo. Kinachokufanya uondoe mkono ndicho unachokitafuta. Vipimajoto vile vya bastola vinasaidia sana, ila nunua cha mafundi. Vile tulivyopimwa navyo kwenye paji la uso wakati wa korona vingi vinaishia joto la homa ya mtu.

Ukishapata mtuhumiwa, thibitisha kwa mita. Mita ya bei ya chini inatosha, iweke volti za DC, alama ya 20. Taa zikiwa zimewaka, ncha moja iweke kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye mguu wa balbu ya taa unakoingia moto. Mita itakuonyesha volti zilizopotea njiani. Nusu volti inavumilika. Ikizidi 1, kuna mahali zinaliwa, nawe sogeza ncha ya pili kurudi nyuma kiungo kwa kiungo: kabla ya kibomba, baada ya swichi, kabla ya swichi. Mahali ambapo namba inashuka ghafla, tatizo liko kati ya hapo na ulipotoka. Rudia upande wa ethi: kutoka hasi ya betri hadi mguu mweusi wa balbu, isizidi 0.2. Usipuuze ethi kwenye Land Rover. Bodi yake ni ya aluminiamu na fremu ni chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu zinakulana. Hapa kwetu kiangazi kirefu kinatusahaulisha, lakini vumbi jekundu lililojaa kwenye kona hushika maji ya masika na ya kuoshea gari, likakaa nayo. Fungua boliti za ethi, piga msasa hadi metali ing'ae, paka grisi, kaza.

Tiba sasa. Swichi iliyochemka usiikwangue na kuirudisha. Chemchemi yake ya ndani imeshalegezwa na joto, itakurudisha hapo hapo. Weka nyingine. Waya ambao plastiki yake imekakamaa au imekuwa nyeusi kata mpaka upate shaba ing'aayo, na kama weusi umeingia ndani sana badilisha kipande chote kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Balbu rudisha za wati 60 na 55. Halafu weka rilei mbili, yaani swichi zinazoamrishwa kwa umeme mdogo, moja ya ful na moja ya dimu. Rilei zenye miguu minne zimejaa kwa wauza spea za mitumba, na namba zake ni zilezile: 30 inapata moto kutoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda taa, 86 inapata waya wa zamani wa swichi, 85 inakwenda ethi. Kuanzia hapo, kwa taa kubwa swichi yako ya mzee haitabeba hata ampea 1. Kazi yake kwa taa hizo itakuwa kuamrisha rilei tu, na rilei ziko mbele karibu na betri ambako umeme unasafiri njia fupi. Baada ya 87 gawa njia, kila taa ipate fyuzi yake ya ampea 10, ili moja ikikatika ubaki na jicho moja la kukufikisha. Utashangaa balbu za 55 zinavyomulika kuliko zile za 100.

Kuunganisha: ukimwona fundi anasokota nyaya kwa vidole na kuzungusha tepu nyeusi, mlipe nauli umrudishe kwao. Gundi ya tepu ile kwa joto la chini ya boneti, mwezi wa Oktoba, inayeyuka na kuteleza ndani ya miezi michache. Mimi kwa gari linalotikisika napendelea kiungo kilichobanwa kwa koleo lake na kufunikwa mpira unaojikaza kwa moto. Lehemu ni nzuri, lakini inaufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na Land Rover inaukata hapohapo kwa mtikisiko. Wenzangu wengi wanabisha. Kila waya unapopita tundu la bati, hakikisha kuna mpira wa kuulinda. Kwenye gari la umri huo mipira hiyo mara nyingi imeshapasuka, na shoti halisi huanzia hapo.

Na hadi kazi iishe: weka kizimamoto cha unga mahali mkono wako unafika, si nyuma chini ya magunia. Harufu ikizidi barabarani, toka pembeni, zima taa na ufunguo, shusha watu, fungua hasi ya betri. Spana ya kufungulia kichwa cha betri ikae mlangoni, maana waya wa kahawia ukishika moto kuzima ufunguo hakusaidii kitu. Ukiona moshi unatoka kwenye maungio ya boneti usilipandishe wazi, hewa italisha moto. Lifungue kidogo tu, upenyeze mdomo wa kizimamoto. Maji hapana. Zimamoto ni 114.

SWALI: Shikamoo babu fundi. Mimi nipo Manyoni, nina Land Rover ndogo, Series IIA, ya babu yangu mzaa mama. Ilikuwa na dainamo, nikaitoa nikaweka alteneta ya Toyota niliyoipata kwenye skrepa. Polariti, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi, nilishabadilisha, inachaji vizuri. Tatizo nikiwasha gari asubuhi betri ikiwa imechoka, nyuma ya ile saa ya ampea kwenye dashibodi panatoka harufu, na kioo chake kimeanza kuwa cha njano. — Kijana wa Manyoni

JIBU: Marahaba. Kazi ya polariti hongera, wengi hapo ndipo wanapochomea. Sasa tazama ile saa: mshale wake unakwenda hadi 30 kulia na 30 kushoto. Iliwekwa kwa ajili ya dainamo ambayo ilikuwa haifiki hata hapo. Kinyume na unavyofikiri, si kipimo kinachochungulia tu. Umeme wote wa kuchaji unapita ndani ya tumbo lake, unaingia dashibodi kwa waya wa kahawia na kutoka kurudi mbele. Alteneta ya Toyota inaweza kusukuma ampea 50 au 60, na betri iliyolala na njaa itazipokea zote. Ndiyo maana ni asubuhi. Betri ikishashiba mkondo unashuka na harufu inaondoka, nawe unasahau hadi kesho.

Usitafute saa kubwa zaidi. Vuta waya mnene mpya kutoka mguu wa moto wa alteneta, wa milimita 10 za mraba, upeleke moja kwa moja kwenye boliti la chanya ya stata unapofika waya wa betri. Kwenye waya huo huo weka fyuzi kubwa ya ampea 80, upande wa betri. Nyuma ya dashibodi, zile nyaya mbili za saa zitoe, ziunganishe pamoja kwa boliti na nati, zikaze, zifunike vizuri. Sasa zinabeba matumizi ya gari tu, hazibebi chaji. Ile ya zamani iliyokuwa inatoka kwenye dainamo ifunge ncha yake isibaki inaning'inia. Mahali pa saa ya ampea weka ya volti. Itakwambia mengi zaidi: 12.6 asubuhi kabla ya kuwasha, kati ya 13.8 na 14.4 injini ikishanguruma. Ile saa ya babu isafishe uiweke kabatini.

SWALI: Fundi, naomba usinitaje. Nina Volkswagen Beetle, nakaa Area C. Gari halina tatizo lolote nikiwa peke yangu au na watoto. Mama mkwe akija kutoka Mpwapwa nikampakia kiti cha nyuma, tukipita kwenye tuta au shimo inasikika harufu ya kitu kuungua, kama nyasi. Mara ya mwisho akaniuliza kama navuta sigara. Siwezi kumwambia kwamba inatokea akiwepo yeye tu. — Mkamwana

JIBU: Mkamwana, mkwe hana kosa, nawe huna. Leo, kabla hujalala, nyanyua kiti cha nyuma. Betri ya Beetle iko chini yake, upande wa kulia. Juu ya betri panatakiwa kuwe na kifuniko, nami nina hakika chako hakipo. Kiti kina springi za chuma na ndani yake kumejazwa nyuzi kavu. Mtu mzima akikaa na gari likaruka tuta, springi zinashuka, zinagusa vichwa vya betri, chanya na hasi kwa pamoja au chanya na bodi, cheche inaruka kwenye nyuzi hizo. Harufu ya nyasi uliyoisikia ndiyo hiyo, nyuzi za kiti zinaanza kushika. Beetle nyingi duniani zimeteketea kwa njia hii hii.

Watoto ni wepesi, springi hazifiki. Mara nyingi kosa ni betri iliyobadilishwa: mwenye duka amekupa yenye ampea unazotaka ila ni ndefu kwenda juu kuliko ya asili. Pima kimo chake ukienda kununua. Betri ifungwe kwa mkanda wake isisogee, kichwa cha chanya kivalishwe kofia ya mpira, na juu yake weka kifuniko. Ukikosa cha dukani, kata kipande cha mpira mnene wa mkanda wa mashine, kizidi betri kila upande. Bati usiweke. Springi zilizotoboa kitambaa zipeleke kwa fundi viti. Mpaka hayo yawe yamefanyika, mama akae mbele. Mwambie umempa kiti cha heshima.

SWALI: Mbukwenyi fundi. Nina Peugeot 404 pikapu, nimeiegesha ghalani Kongwa tangu tuvune alizeti. Juzi nimeiwasha, ikatoa harufu ya kuungua iliyochanganyika na uvundo, indiketa ya kushoto ikawa inawaka yenyewe. Ni nini? — Mkulima, Kongwa

JIBU: Panya. Umewawekea chakula na nyumba pamoja. Usiwashe tena. Fungua hasi ya betri, kisha angalia sehemu mbili. Kwanza juu ya ekzosi na pembeni mwa injini: wanajenga viota vya nyasi na vipande vya gunia, na injini ikipata moto kiota kinaungua kabla ya waya wowote, toa chote, hata kilicho kwenye boksi la hewa. Pili, fuata mafungu ya nyaya kwa tochi, hasa yanapopita kwenye kona zenye giza nyuma ya taa na chini ya dashibodi. Utakuta shaba imeachwa uchi na meno. Nyaya mbili zilizo uchi zikigusana, moja inawasha kazi ya mwenzake, ndiyo maana indiketa imejiwasha. Mkojo wao nao unakula shaba, hivyo waya ulio kijani hata kama haujatafunwa ubadilishe.

Kuna watu watakushauri upake nyaya dizeli ili panya wasisogee. Usipake. Dizeli inalainisha plastiki na inaungua vizuri sana. Hamisha gari litoke ghalani, boneti liache wazi mchana ili wakose giza wanalolipenda, na kama una paka mlaze huko. Sumu usiiweke ndani ya boneti, atakufia mahali ambapo mkono haufiki, na utaniandikia tena kuhusu harufu nyingine.